Utoro na mdondoko wa wanafunzi wa sekondari Rungwe

Mwanafunzi wa sekondari wilayani Rungwe haachi shule kwa siku moja. Huanza kwa kukosa siku ya gulio, halafu wiki nzima ya mavuno, mwishowe harudi kabisa. Kwa taratibu za shule nchini Tanzania, asiyeonekana kwa siku 90 mfululizo huhesabiwa kuwa ameacha masomo. Takwimu za serikali zimekuwa zikiutaja utoro kuwa sababu kubwa ya mdondoko, mbele ya mimba na ugonjwa. Lakini mtoro naye ana sababu zake.

Ardhi ya Rungwe inalisha. Mvua hazikatiki kwa muda mrefu, na mashamba hutoa ndizi, viazi, chai, kahawa na maparachichi. Neema hiyohiyo humvuta kijana: kuchuma chai kwa kibarua, kupakia mikungu ya ndizi kwenye malori Kiwira, au kuendesha bodaboda katika barabara kuu ya Mbeya hadi Kyela. Ujira hupatikana jioni ileile, ilhali cheti cha kidato cha nne husubiriwa miaka minne.

Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Umbali nao ulibaki. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu miaka ya 2000 ziliisogeza elimu karibu, ila katika milima na mabonde haya kilomita chache za njia ya utelezi, mvua ikinyesha alfajiri, ni safari nzito.

Ndipo yanapoingia mageto. Wanafunzi wawili au watatu hupanga chumba kimoja karibu na shule, wakiwa na godoro, jiko la mkaa na ndizi walizobeba nyumbani Jumapili. Ikifika Alhamisi chakula kimekwisha, na hakuna mtu mzima wa kuuliza nani kalala wapi. Binti mwenye njaa ndani ya chumba hicho ni windo jepesi kwa anayemwahidi chipsi au nauli. Tangu mwaka 2016 sheria inatoa adhabu ya hadi miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini kesi huanza madhara yameshatokea. Bweni lenye matroni humlinda kabla. Pale ambapo bweni bado, chakula cha mchana shuleni ndicho cha kuanza nacho, na wilaya yenye viazi na maharage kiasi hiki haina sababu ya kukikosa: wazazi wanaweza kuchanga mazao badala ya fedha.

Lugha nayo huwakimbiza wengi kimyakimya. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi hukutana na Kiingereza kidato cha kwanza, hushindwa upimaji wa kidato cha pili, hukariri darasa, huona haya. Mwalimu wa darasa anayefuatilia nyumbani ndani ya wiki mbili za kwanza humwokoa. Siku 90 ni kuchelewa mno.

Aliyekwisha kutoka ana njia ya kurudi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurejea shuleni hata binti aliyejifungua. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwaandaa wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne nje ya mfumo wa kawaida, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Katumba, kimoja kati ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, hufundisha ufundi.

Kwa anayemaliza, masomo ya juu hayako mbali: kuna vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso, na jijini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Wengi hukwama kwenye karatasi. Mkopo wa elimu ya juu huombwa kwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi pia. Mzazi au mlezi mwenye mtoto kidato cha tatu aanze kuvitafuta sasa, asisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.