Mgonjwa Asiinuke Peke Yake

Enyi akina mama na ndugu zetu katika imani, mzee aliyelazwa hospitalini huamka usiku akitaka kwenda msalani au kutawadha. Huona haya kumwita muuguzi, hasa akiwa si wa jinsia yake, basi hujikongoja peke yake. Dawa za presha na za usingizi huweza kumtia kizunguzungu ainukapo ghafla, na sakafu ikiwa na maji, huteleza. Nyonga ikivunjika, aliyeingia kwa homa huenda asitembee tena. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wanaofariki zaidi ni waliopita miaka 60.

Muuguzi hushusha kitanda, huinua vizuizi vya pembeni na humshika mgonjwa mkono. Lakini hawezi kujua tusiyomwambia. Tumweleze kwamba mzee wetu amewahi kuanguka, haoni vizuri, au huamka alfajiri kwa sala. Tuombe muuguzi wa kike kwa mama zetu. Hilo si usumbufu.

Nao wagonjwa tuwakumbushe ruhusa ya dini. Imran bin Huswain (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Asiyeweza kutumia maji atayamamu. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia, na kuomba msaada hakumpunguzii mtu heshima.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe wauguzi kheri. Amin.