Arobaini Imekwisha, Kunyonyesha Kunaendelea: Haki ya Mama Kula na Kupumzika



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo lililomo ndani ya nyumba zetu, ambalo kwa ule ukaribu wake mara nyingi hatulioni: uchovu wa mama anayenyonyesha, na chakula chake.

Tuanze na siku arobaini. Katika mwambao wetu, na hata bara, mzazi anajulikana heshima yake. Mama yake huja kumuuguza, au yeye hupelekwa kwao. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku ama ya pweza. Kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro mtori haukosekani. Hafui, hapiki, hachoti maji. Waliotutangulia walijua walichokuwa wakikifanya. Lakini arobaini ikishatimia, bibi hufunga mzigo wake akarejea kwake, na kesho yake asubuhi mama yule yule, ambaye usiku ameamka mara nne kunyonyesha, hukabidhiwa ufagio, sufuria na ndoo. Mtoto hajui kwamba arobaini imekwisha. Anataka kunyonya vile vile kama jana.

Hazipiti wiki nyingi maneno huanza. Mama amedhoofika, mtoto analia kila jioni, wifi anashauri apewe uji mwepesi, jirani anashauri maziwa ya kopo, na wote wanaafikiana kwamba maziwa ya mama hayamtoshi mtoto. Mwezi wa tatu haujaisha, mtoto yuko kwenye chupa. Kila aliyeshiriki anaamini kasoro ilikuwa katika matiti ya mama. Sisi tunaona kwamba mara nyingi kasoro ilikuwa katika mpangilio wa nyumba.

Mwenyezi Mungu amelieleza jambo hili katika Surat Al-Baqara, aya ya 233. Sehemu ya mwanzo ya aya hiyo inajulikana na wengi: kwamba akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Sehemu hiyo husomewa sana wanawake. Inayofuata hatuisikii sana barazani. Humo tunaelezwa kuwa chakula na mavazi ya mama huyo ni juu ya baba wa mtoto, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, wala baba asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe. Wajibu huo hauzikwi na baba akifariki, kwani aya inamtaja pia mrithi. Na katika Surat At-Talaq, aya ya 6, hata mtalaka anayemnyonyesha mtoto wa yule aliyemwacha ameamriwa alipwe ujira wake. Ikiwa aliyekwisha kutoka ndani ya nyumba ana haki hiyo, aliyemo ndani ana haki kiasi gani? Sahani ya mama anayenyonyesha, basi, si hisani ya mume wala ukarimu wa mama mkwe.

Na tuitazame kazi yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya baina ya mara 8 na 12 kwa siku, usiku na mchana. Tuchukue mara 10, na kila mara nusu saa: hizo ni saa tano mama amekaa kitako na mtoto mikononi, kabla hajafua nepi moja. Mtoto akishaimarika, mwili wa mama hutoa takriban robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku. Nguvu ya kuyatengeneza hutoka katika chakula anachokula na katika akiba ya mwili wake, na wataalamu wa lishe hukadiria kwamba anahitaji kiasi cha kalori 500 za ziada kila siku. Tunapomwona akifungua chungu saa nne ya asubuhi, tusimcheke kwamba amekuwa mlafi.

Kalori 500 si jambo la kumtisha baba mwenye kipato kidogo. Kiganja cha karanga, yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu moja na glasi ya maziwa hufikia kiasi hicho. Kuku wa kila siku hahitajiki. Kunde, choroko na maharage hujenga mwili, na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao wana madini ya kuimarisha mifupa ya mama, ambayo mwili wake huikopa wakati wa kunyonyesha. Mchicha, matembele na kisamvu vinapatikana karibu katika kila soko. Papai, embe na boga vina vitamini A, ambayo mtoto huipata kupitia maziwa. Uji wa mtama au uwele uliotiwa karanga zilizosagwa unamshinda mbali uji mweupe wa sembe uliojaa sukari. Na tende tusizingoje Ramadhani. Katika Surat Maryam tunasoma jinsi Bibi Maryam, akiwa katika uchungu wa uzazi chini ya mtende, alivyoambiwa autikise zimwangukie tende mbivu, ale, anywe na atulie moyo. Ale, anywe na atulie: hayo matatu ndiyo tunayoyazungumza leo.

Yapo mambo mawili madogo ya mezani ambayo hupuuzwa. La kwanza ni chai. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua hupungukiwa na madini ya chuma, na upungufu huo ni miongoni mwa sababu kubwa za uchovu usiokwisha. Anapokula matembele na maharage yake kisha akateremshia kikombe cha chai ya rangi papo hapo, chai hiyo huzuia sehemu kubwa ya madini yale yasiingie mwilini. Aingoje saa moja au zaidi. Badala ya chai, akamulie ndimu kwenye mboga au ale chungwa au pera, kwa kuwa matunda hayo huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma ya kwenye mboga na kunde. Kama alipewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, avimalize. Tunajua vingapi hubakia juu ya kabati. Na yule ambaye bado anautamani udongo na kuununua sokoni, ajue kwamba hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzidi kuuharibu.

La pili ni maji. Anywe kila anapohisi kiu, na awe na kikombe karibu kila anapokaa kunyonyesha. Akitaka maji ya baridi anywe. Hayapozi maziwa wala hayamletei mtoto mafua. Lakini kumlazimisha amalize ndoo nzima ya uji na supu ili maziwa yaongezeke ni kumtesa bure. Supu ni chakula kizuri, nasi hatuna ugomvi na bibi zetu. Ila kinachoyaita maziwa ni mtoto mwenyewe: kadiri anavyonyonya na kulimaliza titi, ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Anapopewa chupa ya maziwa ya kopo, hunyonya kidogo zaidi kwa mama, na mwili wa mama nao hupunguza. Wiki mbili baadaye ule uvumi wa kwamba maziwa hayatoshi huwa kweli, na sisi ndio tuliousababisha.

Mwenye wasiwasi asipime kwa kilio, kwani mtoto hulia kwa sababu nyingi. Apime kwa nepi na mizani. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba hulowesha kwa mkojo nepi sita au zaidi kwa siku, na mstari wa kadi yake ya kliniki unapanda. Hayo yakiwepo, maziwa yanatosha. Yasipokuwepo, pa kukimbilia ni kliniki kwanza, kabla ya dukani. Huko muuguzi ataangalia namna mtoto anavyolishika titi, jambo ambalo kwa mama wengi hurekebishwa kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, pasipo hata maji, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Tukija kwenye usingizi, hapa ndipo waume tulipo na udhuru tuupendao: mimi sina maziwa, nitaamka kufanya nini? Ni kweli hana. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, hivyo kunyonyesha usiku katika miezi ya mwanzo hakufai kurukwa. Lakini kunyonyesha ndilo jambo pekee asiloliweza. Anaweza kumletea mama mtoto kitandani, kumbadilisha nepi, kumpigapiga mgongoni mpaka acheue, na kumbeba mpaka alale. Alfajiri anaporudi msikitini anaweza kumchukua mtoto aliyekwisha kunyonya akakaa naye ukumbini saa moja na nusu, mama akalala usingizi usiokatika. Saa moja na nusu hiyo mama ataikumbuka kuliko kitenge cha sikukuu. Usiku mama na ajifunze kunyonyesha akiwa amelala ubavu, maana hupumzika mgongo. Asinyonyeshe akiwa amejilaza kwenye kochi kama usingizi umemzidi, kwa kuwa mtoto anaweza kubanwa katika mito akakosa pumzi.

Anayeona kazi hizo zinamshushia hadhi, na amsikilize Bibi Aisha (R.A.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hatudhani kwamba yupo miongoni mwetu mwenye shughuli nyingi kumshinda yeye.

Wageni nao wana sehemu yao. Kumzuru mzazi ni jambo jema, lakini mgeni anayekaa tangu adhuhuri hadi magharibi, akipikiwa na kuandaliwa na mwanamke ambaye hakulala, amekuja kuchukua zaidi ya alicholeta. Aje na chakula kilichokwisha kupikwa, aoshe vyombo viwili vitatu, amwombee dua mtoto, aondoke. Na wanaume wanaowakaribisha marafiki chakula cha usiku bila ya kuuliza jikoni kuna hali gani, waahirishe ukarimu huo kwa miezi michache.

Kuna uchovu usiotibiwa kwa kulala. Mama akiwa mweupe viganjani na ndani ya kope, moyo ukamwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, au akahisi kizunguzungu kila anaposimama, apimwe damu. Akipata homa huku titi ni jekundu na linauma, aende hospitali siku ile ile, na asiache kunyonyesha kwa titi hilo isipokuwa daktari amemwambia hivyo. Na lipo jingine ambalo majumbani kwetu huvishwa majina yasiyo yake. Kulialia bila sababu katika siku za mwanzo hutokea kwa wanawake wengi na hupita. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita na mama bado amejaa huzuni, hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hataki kula, anamwona mtoto kama mzigo, au anasema bora afe, huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba. Si udhaifu wa imani, wala tusiharakie kusema kapandwa na shetani. Asomewe Qur'ani, ndiyo. Na apelekwe hospitali, tena asiachwe peke yake.

Wenye ajira wanabeba mizigo miwili. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hawaijui hiyo ya saa mbili. Waislamu wenye maduka na viwanda wasingoje kuombwa.

Imebaki Ramadhani, ambayo kila mwaka hutuletea maswali. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Mwenyezi Mungu amewaondolea saumu msafiri, mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Mama mwenye afya anayeweza kufunga bila ya madhara, na afunge. Ale daku ya kweli, si kikombe cha chai na andazi. Lakini anayekhofia nafsi yake au mwanawe ameruhusiwa kula, na kuikubali ruhusa hiyo si upungufu wa dini. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku mwambao tunayafuata, akila kwa kuikhofia nafsi yake hulipa siku hizo peke yake. Akila kwa kumkhofia mtoto tu, hulipa siku na kutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wapo masahaba walioona vingine, hivyo kila mmoja amwulize sheikh wake. Na ikiwa Ramadhani ya pili imemkuta naye bado ananyonyesha na udhuru wake ungalipo, hana dhambi ya kuchelewesha. Deni lake litamngoja mpaka atakapopata nguvu, na kibaba hicho, kama kimemlazimu, mume anaweza kumtolea kwa idhini yake.