JE, MCHEZO UTUONYE MBELE YA KAZI NGUMU?



Kati ya wale wanaopenda michezo ya mashujaa katika simu kuna mabishano yasiyoisha. Wamoja wanasema: "Mchezo ukinituma kwa adui ananishinda nguvu, uniambie mbele. Kama hapana, ni kunidanganya." Wengine wanajibu: "Weye unataka bakuchezee? Kama umekwisha kujua yote, unacheza nini tena?" Watu wazima wanaweza kucheka na kupita. Lakini swali hili si la michezo tu. Tutalichunguza polepole, nasi tutaona linafika mpaka kwenye masomo yetu.

1. Michezo hii ni namna gani?

Kwa Kifaransa inaitwa "jeu de rôle". Mchezaji anashika nafasi ya mtu mwingine: mpiganaji, mwindaji, mwenye hekima, hata mwizi. Mchezo wa kwanza wa namna hii uliojulikana sana ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Haukuomba mashini yoyote. Watu walikaa kuzunguka meza na karatasi, kalamu ya risasi na dadu. Mmoja wao alikuwa kiongozi: alieleza mahali walipofika na kilichokuwa mbele yao, nao wakamwambia watakalofanya. Kiisha ordinatere zikaja, na sasa simu, na kazi ya kiongozi inafanywa na mashini.

Shujaa anaanza mnyonge, katika kiwango cha 1. Anapewa kazi: kutafuta mtoto aliyepotea, kuleta dawa kutoka mlimani, kumfukuza adui pangoni. Akimaliza kazi anapata ujuzi, anapanda kiwango cha 2, cha 3, na kuendelea. Sasa, kazi zote hazina uzito mmoja. Kuna kazi ya shujaa wa kiwango cha 3, na kuna ile ya kiwango cha 15. Swali letu ndilo hili: je, anayetoa kazi aseme uzito wake?

2. Jinsi watengenezaji walivyojibu

Hawakujibu sawasawa. Wengine waliandika wazi. Mwaka 1978 Gygax alitoa kitabu cha safari moja ya kutisha, Tomb of Horrors, maana yake kaburi la mambo ya kuogofya. Kwenye jalada iliandikwa kwamba ni kwa mashujaa wa viwango 10 mpaka 14. Mwaka 2000, katika chapa ya tatu ya Dungeons & Dragons, kila adui alipewa namba ya ugumu: adui wa namba 5 anafaa kupigana na kundi la mashujaa 4 wa kiwango cha 5. Katika The Witcher 3, mchezo wa Poland wa mwaka 2015, kazi nyingi zina kiwango kinachoshauriwa kando ya jina lake.

World of Warcraft, mchezo wa Marekani wa mwaka 2004, ulitumia rangi. Jina la kazi likiwa jekundu, kazi inakupita mbali. Rangi ya chungwa ni ngumu, ya manjano inakufaa, ya kijani ni nyepesi, ya majivu haina faida tena kwako. Na adui anayekupita sana haonyeshi namba ya kiwango chake, anaonyesha fuvu la kichwa tu. Hata asiyejua kusoma anafahamu.

Wengine walikataa njia hiyo. Dark Souls, mchezo wa Japani wa mwaka 2011, haukuandika namba wala rangi. Karibu na mahali pa kuanzia kuna makaburi, na mifupa inayosimama huko inamuua mchezaji mpya haraka. Hakuna kibao kinachosema "usipite huku". Kichapo chenyewe ndicho onyo. Lakini mchezo huo uliwaachia wachezaji wenyewe njia ya kuandika ujumbe chini, kusudi wengine wanaopita nyuma wausome. Wengi waliandika kweli, na wengine waliandika uongo kwa kucheka.

Kuna na njia ya tatu. Katika Oblivion, wa mwaka 2006, maadui wengi wanapanda pamoja na mchezaji. Basi onyo halina lazima, kwa maana karibu kila mahali panakufaa. Lakini wachezaji wengi walinung'unika: kama ninakuwa na nguvu, na mnyang'anyi wa njiani naye anakuwa na nguvu vilevile, nilikua kwa faida gani?

3. Shimo la Nkongolo

Sisi watu wa huku hatuna lazima ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wa Kiluba wanasimulia habari za mfalme Nkongolo Mwamba na mtoto wa dada yake, Kalala Ilunga, aliyezaliwa na mwindaji Mbidi Kiluwe. Mmisionere Harold Womersley, aliyekaa miaka mingi kati ya Waluba, alikusanya habari hizi katika kitabu Legends and History of the Luba, kilichotolewa mwaka 1984. Kila kijiji kina namna yake ya kusimulia, lakini mafupa ya habari ni mamoja.

Kalala alikuwa hodari kwa mbio, kwa mchezo na kwa vita. Mjomba wake akamwonea wivu. Akachimbisha shimo, akasimamisha ndani yake vyuma vyenye ncha, akafunika juu kwa mkeka. Kiisha akamwita kijana aje acheze ngoma mbele ya watu. Kwa macho ilikuwa heshima, lakini ndani yake kulikuwa kifo. Lakini kijana alionywa. Wengi wanataja hekima ya Mijibu wa Kalenga, mwaguzi. Na wanasema mpiga ngoma alimwonya kwa sauti ya ngoma yenyewe, kwa maneno ambayo mfalme hakuyatambua. Kalala akacheza, mkuki mkononi, akaujaribu mkeka kwa mkuki wake, akaona shimo, akakimbia ngambo ya mto kwa baba yake. Nyuma akarudi na jeshi, na ufalme ukawa wake.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika lile kaburi la Gygax pia, njia ya kuingilia ina mashimo yaliyofunikwa, na chini yake vyuma vyenye ncha na sumu. Wachezaji wenye akili wanatembea na mti mrefu wakigonga chini mbele yao, sawasawa na mkuki wa Kalala. Na katika njia hiyo kuna maandiko ya mafumbo yenye mashauri, mojawapo ni kujihazari na rangi ya kijani. Mbele kidogo kuna uso wa kijani wenye kinywa wazi, na anayeingia ndani ya kinywa hicho haonekani tena. Gygax alifanya kazi ya watu wawili: alichimba shimo kama Nkongolo, na akapiga ngoma kama rafiki wa Kalala.

Hapa ndipo tunaona tofauti. Mtego bila ngoma ni uuaji. Mtego wenye ngoma ni mtihani: anayesikiliza anapita, asiyesikiliza anaanguka kwa kosa lake mwenyewe.

4. Onyo jema linasema nini?

Tukiangalia vizuri, habari juu ya kazi ngumu ina sehemu tatu. Ya kwanza: kuna hatari. Ya pili: hatari ni kubwa kiasi gani. Ya tatu: namna ya kuishinda. Wale wanaosema "msituambie kitu, mtaharibu utamu" wanaogopa sehemu ya tatu, nao wana haki. Ukinieleza jibu la fumbo, umeninyang'anya fumbo. Lakini sehemu ya kwanza na ya pili hazinyang'anyi kitu. Ngoma haikumwambia Kalala namna ya kurudisha ufalme. Haikumkataza hata kucheza. Ilimpa habari moja tu, kwamba chini ya mkeka kuna kitu, na kazi yote iliyobaki ilikuwa yake.

Tena, kuchagua ni kuchagua wakati unajua. Kama milango miwili inafanana, na nyuma ya mmoja kuna kifo, aliyeingia humo hakuchagua vibaya, alibahatisha tu. Ushujaa wake uko wapi? Shujaa ni yule aliyeona fuvu la kichwa na akasema, "Nitajaribu hata hivyo."

Kitu kingine cha kupima ni bei ya kuanguka. Kama mchezo unakurudisha hatua chache nyuma, kichapo kinaweza kuwa mwalimu, na kibao hakina lazima. Lakini kama shujaa uliyemlea miezi mingi anakufa kabisa, onyo ni deni la anayeongoza mchezo. Na kwetu hata saa moja ina bei: mega zinanunuliwa, na kuchaji simu kunaomba feza. Kanuni ni nyepesi: kadiri hasara inavyokuwa kubwa, ndivyo onyo linavyopaswa kuwa wazi.

Mwisho wa sehemu hii, onyo si lazima liwe namba. Mtengenezaji hodari anaweka mifupa mlangoni, miti iliyoungua, mzee wa kijiji anayetetemeka akisikia jina la mlima. Mchezaji anayetazama anafahamu. Na angalieni kisolo cha wazee wetu: mbegu zote ziko wazi katika mashimo, hakuna kilichofichwa. Hata hivyo mjuzi anamshinda mjinga kila siku. Ugumu hauhitaji giza.

5. Onyo linaloharibu

Lakini tusiseme kwamba kila onyo ni jema. Yule anayeandika uongo chini katika Dark Souls ana ndugu zake wengi duniani. Kuna onyo ambalo si habari, ni kufuli. Mwanafunzi anamaliza mwaka wa 8, anataka kuchagua seksio. Msichana anasema anataka seksio yenye hesabu nyingi. Wanamwambia: "Ile iko nguvu, si ya wasichana." Je, hilo ni onyo? Limepima nini? Halikupima masomo, halikusema ni masaa mangapi ya hesabu kila juma, wala halikuuliza msichana anajua nini tayari. Limempima yeye kwa macho tu, na kumwekea rangi nyekundu kwa siku zote.

Hapa ile michezo ya rangi inatufundisha jambo zuri. Katika World of Warcraft rangi nyekundu haiko juu ya mtu, wala haikai. Inapima umbali kati ya kazi na kiwango chako cha leo. Ukikua, kazi ileile inakuwa ya chungwa, kiisha manjano, kiisha kijani. Onyo la kweli linasema: "Bado." Onyo la uongo linasema: "Hapana kamwe." Anayesema "bado" anapaswa pia kuonyesha kazi ndogo za kuanza nazo, kusudi mtu apande.

6. Na sisi je?

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: lazima akae kwanza na kuhesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Hakusema mtu asijenge. Alisema ahesabu. Na huwezi kuhesabu gharama uliyofichwa.

Basi jibu letu kwa mabishano ni hili. Ndiyo, mchezo umwonye mchezaji kwamba kazi ni ngumu na ni ngumu kiasi gani, lakini unyamaze juu ya njia ya kushinda. Anayependa giza aruhusiwe kuzima onyo kwa hiari yake, maana hata hilo ni kuchagua.

Na kwa shule tunaomba mambo matatu. Walimu wapendwa, mbele ya kuchagua seksio, mtuambie wazi uzito wa kila moja: masaa, masomo yanayoangusha wengi, na kile Egzamen d'Eta inachoomba mwishoni. Hiyo si kututisha, ni kutupigia ngoma. Ninyi wakubwa wa humanités, mnaopita mbele yetu, mwachie wadogo ujumbe chini, tena ujumbe wa kweli. Msiseme "ni rahisi" kwa kujisifu, wala "mtakufa wote" kwa kucheka. Nasi tunaoonywa, tusikimbie kila tunaposikia neno "nguvu". Kuna watu wanaoingia katika mashimo ya kuchimba madini bila mtu wa kuwaambia udongo uko namna gani, na huko hakuna kuanza tena. Sisi katika darasa tunaonywa bure, na tunaweza kurudia somo. Tuchukue mkuki, tujaribu mkeka, na tuendelee kucheza.

Masomo mema kwa wote.