Feni ya Kompyuta Ikipiga Kelele

Ndugu mfanyakazi, kompyuta yako ya kubeba imetiwa programu mpya ya msingi, na tangu siku hiyo feni yake inavuma. Usiifunge feni. Kwanza sikiliza, kama sisi wa dispensari tunavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Ukisikia mvumo wa upepo, pengine amri imebadilika. Programu hiyo ndiyo inayoamuru feni ianze kwa joto gani na izunguke kwa mbio gani. Zima mashine, iwashe tena, iache imalize kazi zake. Mvumo ukiendelea, tafuta sahihisho la watengenezaji.

Ukisikia kukwaruza au kugonga, tazama feni yenyewe: ina vumbi au imechakaa. Zima, chomoa waya wa umeme, safisha matundu kwa brashi laini. Usitumie kompresa ya atelye: upepo wake mkali na unyevu wake huweza kuiharibu.

Nanyi wazazi, watoto wasiiweke juu ya godoro, maana matundu yakizibwa joto hupanda. Betri ikivimba, usiichaji wala usiitoboe, ita fundi.

Kelele ya feni ni onyo. Ukiinyamazisha, joto halikuambii kitu.