Tambi kwa Mwenye Kisukari: Zisilegee Mno

Msomaji, tambi tulizozoea hapa Pwani ni za sukari, tui na iliki. Bibi zetu wanisamehe, lakini mwenye kisukari akizila, sukari ya damu hupanda upesi.

Ukiwahi kula kwa Waitaliano wa Malindi, utakumbuka zao: ngumu kidogo, zina nyanya na samaki. Hizo waweza kuzipika hata nyumbani Likoni, baada ya kununua changu mmoja kwa wavuvi wa Shelly Beach.

Gramu 80 za tambi kavu zamtosha mtu mmoja. Zitie katika maji tele yanayochemka, uziepue zingali na kiini kigumu ukizing'ata. Si kwa ajili ya ladha tu: zilizorojeka humeng'enywa haraka, na sukari huingia damuni kwa kasi. Kando, kaanga kitunguu thomu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya 4, pilipili na minofu ya samaki.

Chumvi kidogo sana, ndimu itafidia. Shirika la Afya Duniani lashauri chini ya gramu 5 kwa siku, hata kijiko cha chai hakijai, na ile iliyomo katika mkate imo humo.

Unayejidunga insulini, zihesabu: ni wanga kama wali.