Vipuri halisi vya magari ya michezo ya zamani vyazidi kupaa bei

MWAKA 2019 kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilitangaza kuwa imeanza tena kusubu bloku ya injini ya XK ya lita 3.8, ile iliyotumika kwenye magari yake yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1968. Bei iliyotajwa ilikuwa pauni 14,340. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya mwaka huo, hizo ni zaidi ya Sh40 milioni za Tanzania, na kwa fedha hizo mnunuzi anapata bloku tu. Pistoni, krankshafti na silinda hedi anajitafutia mwenyewe.

Mkulima anayesoma habari hii atasema, na ana haki ya kusema hivyo, kwamba kwa fedha hizo yeye angejipatia trekta la mtumba na akaanza kulima msimu huohuo. Lakini mwenye Jaguar ya mwaka 1962 ambayo bloku yake imepasuka hana njia nyingi. Anaweza kuichomelea na kuomba Mungu ishike, anaweza kusaka iliyotumika ambayo nayo ina zaidi ya miaka 50, au analipa.

Kwa muda wa miaka 20 hivi iliyopita vipuri vyenye nembo ya kiwanda kwa ajili ya magari ya michezo ya kuanzia miaka ya 1960 hadi 1990 vimekuwa vikipanda bei, vingine kwa kasi ya kushangaza. Habari hizi zinaonekana ni za matajiri wa Ulaya, Japani na Marekani, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Hata hivyo hesabu inayopandisha bei hizo ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, pale mteja anapoambiwa kwamba "jenuini" ipo, ila akae chini kwanza kabla hajatajiwa bei.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye kalibu. Bampa, taa, raba ya mlango, hata kitasa, kila kimoja kina kalibu yake kiwandani, na kalibu ni ghali kuliko kitu chenyewe mara nyingi sana. Tuchukue mfano wa kubuni tu. Kalibu ya kitasa cha mlango imegharimu Sh30 milioni, na kila kitasa kinatumia malighafi na nguvu kazi ya Sh20,000. Kiwanda kikitengeneza vitasa 10,000, kila kimoja kinabeba Sh3,000 ya kalibu, jumla Sh23,000. Kikitengeneza 300 tu kwa sababu magari yaliyobaki duniani ni machache, kila kitasa kinabeba Sh100,000 ya kalibu, jumla Sh120,000. Malighafi haikupanda hata senti, na hakuna aliyeweka faida ya kupindukia, lakini bei imepanda zaidi ya mara tano.

Gari linapokuwa bado linauzwa, kipuri hutoka kwenye mashine ileile inayolisha mstari wa kuunganisha magari mapya, kwa hiyo mzigo wa kalibu hausikiki. Uzalishaji ukifungwa, kwa kawaida kiwanda huendelea kutoa vipuri kwa miaka kadhaa, aghalabu kumi au zaidi. Baada ya hapo orodha huanza kupunguzwa kimyakimya. Kalibu zinachukua nafasi ghalani, zinashika kutu, na nyingi haziko hata kwa mwenye nembo bali kwa kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kutengeneza. Kampuni hiyo ikifilisika au mwenyewe akistaafu, kalibu huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na mtu asidhani kwamba dawa yake ni kununua vipuri vingi na kuvifungia stoo. Raba huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi lake, na sili ya mafuta iliyokaa miaka 30 inaweza kuvuja wiki ileile inapofungwa.

Ndiyo maana idadi ya magari yaliyotengenezwa zamani ina maana kubwa kuliko umaarufu wa gari. MGB ya Uingereza, gari dogo la wazi la bei ya kawaida, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980 na zilitoka zaidi ya 500,000. Kampuni ya British Motor Heritage, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilizikusanya mashine na kalibu za asili za mabati yake, na mwaka 1988 ikaanza kuuza bodi nzima mpya ya MGB. Mwenye MGB iliyooza kwa kutu anaweza kununua bodi, akahamishia humo injini na viti vyake. Soko ni kubwa kiasi kwamba watengenezaji wengine wengi nao wameingia, na ushindani unazuia bei zisipae hovyo. Upande wa pili yuko mwenye Porsche 959. Magari hayo yalitengenezwa 292 tu. Mteja wa kipuri chake duniani kote anaweza kuwa mmoja kwa mwaka.

Kesi ya Japani inafundisha zaidi, na inawahusu watu ambao barabara zao zimejaa magari ya Japani. Nissan Skyline GT-R aina ya R32 ilitoka mwaka 1989, ikafuatiwa na R33 mwaka 1995 na R34 mwaka 1999. Kwa muda mrefu ilikuwa gari la Wajapani wenyewe, pamoja na wateja wachache wa nchi zinazoendesha kushoto kama Australia na Uingereza. Fundi wa Japani aliyehitaji kipuri alikipata dukani kwa bei ya kawaida tu.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya nchi nyingine. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1988 inayozuia kuingizwa kwa magari ambayo hayakutengenezwa kwa viwango vyake vya usalama, isipokuwa yenye umri wa miaka 25 au zaidi. Kwa hiyo R32 za kwanza ziliruhusiwa mwaka 2014, R33 mwaka 2020 na R34 mwaka 2024. Kila mlango ulipofunguka, wanunuzi wenye dola waliingia kwenye minada ya Japani. Hawa walikuwa vijana waliolelewa na michezo ya kompyuta na filamu ya mwaka 2001, The Fast and the Furious, na sasa walikuwa watu wazima wenye mishahara. Toyota Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika katika filamu hiyo iliuzwa mnadani nchini Marekani mwezi Juni 2021 kwa dola 550,000.

Hapa ndipo mtu wa soko anapaswa kutega sikio. Gari linapokuwa la thamani ya dola 10,000, mwenye nalo hakubali kununua taa ya dola 1,500. Anaweka ya mtumba au anaegesha gari uani. Gari hilohilo likifikia dola 100,000, taa ya dola 1,500 ni kitu kidogo, tena atataka yenye nembo ya kiwanda kwa sababu mnunuzi ajaye atauliza. Mahitaji ya kipuri yanavutwa na bei ya gari, na mwenye gari ghali hatishiki na bei ya kipuri. Viwanda vimelielewa hilo vizuri sana.

Mwezi Desemba 2017 Nissan, kupitia tawi lake la michezo la NISMO, ilianza kuuza upya vipuri vya R32 ambavyo vilikuwa vimekoma, na baadaye ikaongeza vya R33 na R34. Toyota ilifuata mwaka 2020 kwa Supra za A70 na A80 pamoja na 2000GT ya miaka ya 1960. Katika orodha ya mwanzo ya Supra kulikuwa na vitasa vya milango, taa za mbele na busta ya breki. Mazda nayo ilianzisha huduma ya kukarabati Roadster za kwanza, ambapo ilibidi impate mtengenezaji wa turubai na hata kumshawishi Bridgestone atoe tena tairi la mtindo wa zamani. Wenye magari walishangilia, kisha wakatazama bei. Vingi vilirudi vikiwa ghali kuliko vilivyokuwa kabla ya kukoma.

Je, ni ulafi? Kwa sehemu fulani, ndiyo. Muuzaji akiwa peke yake sokoni hatoi bei ya huruma, awe ni wa Tokyo au wa mnada wa mahindi. Lakini kalibu mpya, majaribio mapya na oda ndogo ni gharama za kweli, na kuna vipuri ambavyo kiwanda kinavitoa kwa faida ndogo ili jina lisichafuke.

Si kila kipuri cha gari ghali ni ghali, na hapa fundi mjanja huokoa fedha nyingi. Injini ya Supra ya A80 ni ya ukoo wa 2JZ, na ukoo huo uliwekwa pia kwenye Toyota Crown na Aristo, magari ya kawaida ya mzee wa ofisini. Vitu vinavyofanana kati ya magari hayo vinatengenezwa kwa wingi na vina washindani wengi. Injini ya RB26 ya GT-R haikuwa na bahati hiyo, kwani iliwekwa kwenye magari machache. Mwenye gari anayekwenda dukani na namba ya kipuri, badala ya jina la gari, mara nyingi hugundua kwamba kitu kilekile kinauzwa kwa bei ya Crown. Akitaja "Supra" kwa sauti, ameshapandisha bei mwenyewe.

Juu ya hayo yote kuna mambo ya dunia. Nauli za makontena zilipanda vibaya mwaka 2021, na gharama za nishati barani Ulaya mwaka 2022 zikawaumiza wasubu chuma na alumini. Yeni ya Japani ilidhoofika kuanzia mwaka 2022 hadi ikapita yeni 160 kwa dola moja mwaka 2024, hali iliyomfanya mgeni aone bei nafuu na Mjapani aone stoo zikikaushwa. Kisha mwezi Mei 2025 Marekani ikaanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa vipuri vingi vya magari kutoka nje, ingawa baadaye mwaka huohuo kiwango kwa Japani na Umoja wa Ulaya kilishushwa hadi asilimia 15 baada ya makubaliano.

Njia ya kukimbilia ni vipuri vya kuiga, na si lazima viwe feki. Katika Umoja wa Ulaya ulinzi wa umbo lililosajiliwa hauwezi kuzidi miaka 25, kwa hiyo mlango au bampa la gari la mwaka 1970 mtu mwingine anaweza kulitengeneza, mradi asibandike nembo ambayo si yake. Vingine ni vizuri kuliko vya asili, hasa raba na mabomba ya mafuta. Bati la kuiga lisipokaa sawa hasara yake ni muda wa fundi. Pedi za breki na balljoint ni habari nyingine, na huko wenye uzoefu hawajaribu bahati.

Afrika Mashariki ina uhusiano wake na magari haya. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973, safari hiyo ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo huleta Porsche 911 na wenzake kwenye vumbi la Kenya, na timu huja na vipuri kwa makontena. Mwananchi wa kawaida hayuko humo: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu.

Lakini mwaka 2021, Land Cruiser ilipotimiza miaka 70, Toyota ilitangaza kwamba itatoa upya vipuri vya Land Cruiser ya mfululizo wa 40 chini ya mpango uleule wa Supra. Gari hilo si la michezo. Ni la misheni, la bwana shamba na la mnunuzi wa ng'ombe, na ambazo bado zinatembea ni nyingi. Wanaozikusanya Marekani wamezipandisha bei, na bei hiyo sasa inakaa kwenye boksi la kipuri analolihitaji mtu wa Iringa. Massey Ferguson 135 imenusurika na balaa hilo kwa sababu injini yake ya Perkins ya silinda tatu iliendelea kutumika kwenye modeli ya 240, na matrekta ya ukoo huo yalitengenezwa kwa miaka mingi India na Pakistani.

Kwa magari adimu kabisa, teknolojia imeanza kuikwepa kalibu. Mwaka 2018 Porsche ilieleza kwamba mkono wa kuachia klachi wa ile 959 inautengeneza kwa kuyeyusha unga wa chuma kwa mwanga wa leza, tabaka juu ya tabaka, hivyo kimoja kikihitajika kinatengenezwa kimoja. Bei si ndogo, lakini hakuna haja ya kumsubiri mteja wa pili.

Kinachowasumbua mafundi zaidi sasa ni magari ya miaka ya 1990, yenye kompyuta ya injini. Chipu zake hazitengenezwi tena, na kiwanda hakiwezi kuzisubu. Kompyuta nyingi kati ya hizo hufa kwa sababu kapasita zake zimevuja na kula bodi. Kapasita yenyewe ni kitu cha bei ndogo sana, na anayejua kuibadilisha si fundi magari bali fundi redio.