Wazee Wakienda Unguja, Walale Wapi?

Siku hizi jubilei za ndoa zimepata jambo jipya. Zamani watoto walichinja ng'ombe, wakaleta rubisi, wakawanunulia wazazi nguo, na sherehe ikaisha jioni. Sasa watoto walioko Dar es Salaam, Mwanza na hata Ulaya huchanga fedha na kusema: "Baba na Mama hawajapumzika tangu waoane. Tuwapeleke Unguja siku tatu, walale katika hoteli nzuri kabisa." Mimi sina neno baya juu ya desturi hii. Ila naona hoteli yenyewe huchaguliwa kwa haraka, tena kwa macho ya vijana, na wazee hulala pasipowafaa, kisha hushukuru kwa adabu.

Mwaka jana nilitiwa katika shauri la namna hiyo. Mzee mmoja wa upande wa Muleba, mwalimu wa zamani, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto wake watano walikuwa wamekwisha kupatana juu ya Mji Mkongwe wa Unguja, tena katika moja ya zile hoteli ndogo za fahari, zenye vyumba kumi au ishirini tu, zilizowekwa ndani ya majumba ya kale. Mzee alifurahi sana. Yeye alifundisha historia, na kwa miaka mingi aliwaambia watoto darasani ya kuwa msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulipitia Unguja mwaka 1878, kabla ya kushika njia ya bara kuja kwenye ziwa letu. Alitaka kupaona kwa macho yake. Basi kijana wake wa kwanza akaniletea picha za hoteli kumi na mbili katika simu, akaandika: "Karani, waonyeshe wazee, wachague. Sisi tunapenda ile ya tatu, chumba cha juu kinachotazama bahari."

Ile ya tatu ilikuwa nzuri kweli. Kitanda cha samadari, chandarua cheupe, roshani ya mbao, na mbele ya roshani bahari yote mpaka mwisho wa macho. Mzee alisema, "Hapa panatufaa." Mama aliitazama, akasema, "Ni pazuri," akaomba kuona picha nyingine. Sikulitia moyoni neno lile.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze mji ule ulivyo, kwa kuwa ukiujua mji utajua la kuuliza. Mimi niliuona mara moja, tulipotembezwa huko siku za chuo cha ualimu, na tangu hapo nimeendelea kusoma habari zake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19, siku za masultani, na wenyewe walikuwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa sikiliza: dari za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka nafasi kubwa. Kwa hiyo vyumba vya kale huweza kuwa virefu, lakini ni vyembamba, upana wake kiasi cha mita tatu hivi. Picha hukipanua chumba. Ukitaka kujua kweli, uliza vipimo, na uulize kama choo kimo ndani ya chumba au kuna vidato vya kupanda na kushuka ili kukifikia.

Jambo kubwa ni ngazi. Nyumba hizo hupanda ghorofa tatu, hata nne, na ngazi zake ni nyembamba tena zimesimama. Nyingi hazina lifti, na mwenye nyumba hawezi kubomoa kuta apendavyo ili aiweke, kwa kuwa tangu mwaka 1985 mji una mamlaka yake ya hifadhi. Tena katika hoteli nyingi chai ya asubuhi huandaliwa juu kabisa, penye paa la wazi, ili wageni wauone mji. Kijana hufurahi. Mama mwenye goti bovu atapanda ghorofa nne kufuata kikombe cha chai.

Mfano mzuri ni ile nyumba ya Hurumzi, ambayo sasa ni hoteli iitwayo Emerson on Hurumzi. Ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Husimuliwa kwamba humo ndimo wenye watumwa walimolipwa fidia mwishoni mwa karne ya 19 watumwa walipoachwa huru, na jina la mtaa likatoka hapo. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyageuza majumba hayo ya kale kuwa hoteli za namna hii, kila chumba na sura yake. Mzee wetu angeipenda kwa historia yake. Lakini fahari ya nyumba ile iko juu, na juu hufikiwa kwa miguu.

Hata vitanda viangaliwe. Samadari ya Unguja ni kitanda kirefu kwenda juu, na wengine huweka kigoda cha kukanyagia. Usiku, taa imezimwa, mtu wa miaka sabini ashuke vipi? Jambo hili si la Unguja peke yake. Huko Japani kuna mji wa Kyoto, uliofanywa makao ya wafalme mwaka 794 na kubaki hivyo hata karne ya 19. Nyumba za mbao za wafanya biashara wa kale zimegeuzwa hoteli ndogo za fahari. Katika nyingi mgeni huvua viatu mlangoni na kulala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, juu ya mikeka minene ya majani. Wazee waliozaliwa katika mushonge, penye nyasi sakafuni, wasingeshangaa sana. Lakini magoti ya uzeeni ni yale yale, na huko pia la kwanza kuuliza ni kitanda.

Hoteli kubwa zaidi ziko Shangani kando ya bahari. Serena imo katika nyumba ya zamani ya kampuni ya simu, ile iliyopeleka habari kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Park Hyatt ilifunguliwa mwaka 2015 katika nyumba ya kale ya Mambo Msiige, pamoja na jengo jipya kando yake, ambalo UNESCO ililalamikia ukubwa wake. Nyumba imeitwa Msiige, nao wakaongeza nyingine kando! Africa House ilikuwa kilabu cha Waingereza kilichoanzishwa mwaka 1888, na nadhani babu zetu wasingeingia mle ila wamebeba sinia. Sasa mjukuu hulipa na kukaa barazani jua likitua.

Msidhani ukale ni uzuri tu. Beit el Ajaib, jumba kubwa la mwaka 1883 lililojengwa na Sultani Barghash pale Forodhani, lilianguka sehemu yake siku ya Noeli mwaka 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Chokaa na boriti huoza kama hazitunzwi. Si vibaya kumwuliza mwenye hoteli nyumba yake ilitengenezwa lini. Anayeitunza hufurahi kuulizwa.

Sasa nirudi kwa Mama. Siku ya pili asubuhi alikuja ofisini peke yake, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya mvua. Akakaa. Akasema, "Waitu karani, ile ya tatu wasiilipie."

Nikadhani ni habari ya goti. Akasema hapana. Mdogo wake alikuwa ndani ya M.V. Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na hata leo maiti yake haikuonekana. Tangu siku ile Mama hajapanda chombo cha maji. Walipojenga nyumba mpya alimwomba mumewe dirisha la chumba cha kulala lielekee migombani, wala si ziwani, na mumewe alikubali bila kuuliza. "Mchana naweza kuyaona maji," alisema. "Usiku nikisikia mawimbi silali. Na hawa watoto wamechanga kwa furaha. Nitawaambiaje?"

Nani kati yetu hakumjua mtu katika meli ile? Watoto wake walijua vema jinsi mama yao mdogo alivyokufa. Hawakufikiri tu ya kuwa roshani yenye bahari, iliyoongeza bei karibu theluthi, ingemkesheza mama yao siku tatu. Nami nilikuwa nimeziona picha zote kumi na mbili, nisifikiri.

Nilimwomba ruhusa, nikawaandikia. Binti aliye ng'ambo alinipigia simu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Tutafute nyingine." Kaka yake alibishana kidogo: "Unguja bila bahari ni Unguja gani?" Nikamjibu kwamba bahari haitahama, baba yake ataifuata kwa miguu dakika tano kila jioni.

Tukaanza upya, mara hii tukiuliza badala ya kutazama. Tuliwauliza wenye hoteli: Je, kuna chumba cha chini kinachotazama ua wa ndani? Nyumba nyingi za kale zimejengwa kuzunguka ua, na vyumba vya uani huwa vya bei nafuu kwa sababu wageni wa Ulaya hupigania bahari. Je, chai yaweza kuletwa chini? Je, gari huishia wapi? Maana vichochoro vya mji ule havipitishi gari; mizigo hubebwa begani au kwa mkokoteni, na mzee hutembea. Je, ni mbali kiasi gani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la minara miwili, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19? Kuna hoteli tatu ambazo hazikujibu kabisa. Moja ilijibu kwa kutuletea tena picha ya bahari. Moja, ya Shangani, yenye vyumba vichache, ilijibu kila neno, hata kimo cha kitanda.

Habari ya bei nayo ina mitego yake. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, kama chai ya asubuhi na kodi zimo, na kama wana bei ya wakazi wa Tanzania. Hoteli nyingi wanayo, nayo huwa chini sana kuliko ya wageni, ila hawaitaji mpaka uulize, na wazee wachukue vitambulisho vyao. Bei hupanda mwezi wa Julai na Agosti, na tena wakati wa Noeli na Mwaka Mpya. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na vyumba hujaa. Masika, tangu katikati ya Machi hata Mei, bei hushuka, lakini mvua hunyesha kweli kweli na hoteli nyingine hufunga. Mwezi wa Ramadhani ni utulivu, ila mgeni asile wala kunywa barabarani mchana. Atakula ndani ya hoteli. Apendaye bia kidogo aulize mapema, kwa kuwa ziko hoteli zisizouza kileo hata tone. Na fedha zisitumwe kwa namba ya simu iliyookotwa katika mtandao. Jirani yangu mmoja alituma hivyo bei ya mbuzi watatu. Chumba hakikuwapo, wala mtu wa kukishuhudia.

Chumba cha uani kiliacha fedha, nazo zikalipa ndege ndogo ya kutoka Dar es Salaam hata Unguja, dakika ishirini hivi, badala ya boti. Mpaka Dar es Salaam walikwenda kwa basi, kama Mama alivyotaka.

Waliporudi Mzee alikuwa na habari za wiki nzima. Aliliona Kanisa la Waanglikana pale Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, akakaa ndani saa nzima. Aliliona lile jumba la roshani nyingi lililoanzwa na Tharia Topan mwaka 1887 kwa jubilei ya Malkia Victoria, akasema sasa yeye na Malkia wamelingana. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: asubuhi waliletewa ndizi. "Vipande vitatu, waitu, juu ya sahani kubwa kama ungo! Nikamwuliza kijana, chakula kinafuata?"

Mama alisema alilala usiku zote tatu. Adhana ilimwamsha alfajiri, naye huamka saa hiyo hata nyumbani. Uani palikuwa na mti na mtungi, na mpishi alimpa pilipili manga na karafuu za kuja nazo. Jioni ya mwisho alimwambia mumewe amshike mkono wampeleke Forodhani, pale kwenye ukuta wa bahari. Walisimama, akasali Salamu Maria tatu kwa ajili ya mdogo wake, maji yakipiga chini yao. Kisha akasema inatosha, wakarudi polepole kwa kichochoro kile kile, akaomba chai.